Magari ya zamani ya michezo: breki kwanza, injini baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili niseme na wenzangu wenye magari ya zamani ya michezo, hasa vijana wa Tabora na Kigoma walioyarithi kwa baba na wajomba zao na ambao sasa wanataka kuyafufua kwa mikono yao wenyewe. Kilichonisukuma kuandika ni kijana mmoja wa Cheyo aliyekuja nyumbani mwezi uliopita kuniomba nimtengenezee vikalio vya injini kwenye mashine yangu ya kukereza, kwa kuwa alikuwa amenunua injini ya basi dogo na alitaka kuipachika kwenye gari la marehemu baba yake, gari la Kijapani la milango miwili la miaka ya sabini. Nilipomuuliza breki zake zikoje, alinijibu kwamba ukikanyaga mara tatu zinashika. Nilikataa kazi hiyo, naye akaondoka akidhani kwamba mzee anambania. Ningependa aelewe kwa nini nilikataa, na wengine wenye nia kama yake waelewe pia.

Mimi ni mkereza vyuma mstaafu wa karakana ya reli, na tangu mwaka 1998 ninalo gari aina ya Datsun 240Z ambalo sijawahi kulipeleka gereji kwa kazi kubwa. Ni gari la mwanzoni mwa miaka ya sabini, lenye injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, na kabureta mbili, yaani vifaa vinavyochanganya petroli na hewa. Wazee wenzangu watakumbuka kuwa gari la aina hii ndilo lililoshinda mashindano ya magari ya Safari Rally ya mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, kisha likashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Yale ya mashindano yaliandaliwa kwa namna ya pekee, hilo nalijua, lakini injini iliyoyafikisha mwisho wa safari ni ya ukoo huu huu. Mwenye gari la namna hiyo akilalamika kwamba halina nguvu, mara nyingi nguvu ipo, ila imefunikwa na uzembe wa miaka arobaini.

Langu nililikuta chini ya mwembe, na kila mwenyeji wa mji huu anajua miembe yetu inavyomwaga majani. Mbele ya kioo cha mbele kuna mfereji wa kupitishia hewa na maji ya mvua, na maji hayo hutokea kwenye matundu mawili madogo yaliyojificha nyuma ya madigadi. Majani yakishaziba matundu hayo, maji hutuama na kula bati kimyakimya, na wewe huoni lolote mpaka siku mguu wa dereva unapogusa udongo. Nilikata sakafu yote ya upande mmoja na kuchomelea bati jipya. Ninamshauri yeyote anayeegesha gari chini ya mti aanze na matundu hayo kabla ya kununua hata kopo moja la rangi.

Somo langu kubwa zaidi nililipata barabarani usiku, nikitoka Urambo. Nilianza kusikia harufu ya plastiki inayoungua karibu na usukani, nikagusa kifuniko cha swichi ya taa nikakuta ni cha moto, na kabla sijapunguza mwendo taa zote mbili zikazimika. Nashukuru kwamba barabara ilikuwa nyoofu na hapakuwa na mtu wala baiskeli mbele yangu, kwani nilisimama kwa kukisia tu ukingo wa barabara ulipo. Asubuhi nilipofungua swichi ile nilikuta kikombe kidogo cha shaba kimeyeyuka na kuzama ndani ya plastiki yake. Chanzo chake ni jinsi waya zilivyopangwa tangu kiwandani: umeme wote wa taa za mbele hupita ndani ya swichi ya kwenye usukani, na taa mbili za wati 55 kila moja huvuta zaidi ya ampea 9, mzigo ambao swichi yenye umri wa nusu karne haiuwezi tena. Nilipopima, betri ilikuwa na volti 12 na nusu, lakini kwenye taa zilifika volti 10 na kidogo tu. Ndiyo maana magari haya yanasifika kwa kuwa na taa za koroboi.

Dawa yake ni rilei mbili, yaani swichi zinazoamshwa kwa umeme mdogo ili zipitishe umeme mkubwa, na waya mnene unaotoka moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi yake, ili swichi ibaki na kazi ya kuamsha rilei peke yake, kazi isiyofika hata nusu ampea. Ni shughuli ya mchana mmoja, na rilei zenyewe ni zile zile za kawaida zinazouzwa kwenye maduka ya spea ya mjini. Hata hivyo, anayefanya kwenye Datsun ya aina yangu ajihadhari, kwa sababu kubadilisha taa za mbali na za karibu katika gari hili hufanyika upande wa hasi, wala si upande wa chanya kama ilivyo kwenye magari mengi. Ukinakili mchoro wa gari lingine bila kupima kwa balbu ya majaribio, utafunga waya siku nzima na rilei hazitavuta.

Nirudi kwenye breki, ambazo ndizo zilizonifanya nimkatalie kijana yule. Breki za mbele za 240Z ni za diski, na kila kalipa, yaani kile kifaa kinachoibana diski kwa pedi, ina pistoni mbili. Zilitosha kwa uzito na mwendo wa gari lilipokuwa jipya, lakini zilizobaki leo nyingi zina kutu ndani, na mpya hazipatikani kwa urahisi. Kwa bahati njema, kalipa za Toyota Hilux za zamani zenye difu ya mbele, yaani zinazovuta kwa magurudumu yote manne, zile za kuanzia mwaka 1979 hadi katikati ya miaka ya themanini, matundu yake ya bolti yanalingana na ya Datsun hii, nazo zina pistoni nne kila moja na pedi kubwa zaidi. Wenye magari haya duniani kote wanalijua jambo hili, lakini sisi wa Tabora ndio tunaolala juu ya hazina, kwani Hilux hizo zilibeba tumbaku na mbao za mkoa huu kwa miaka mingi na mabaki yake yamejaa nyuma ya nyumba za watu.

Unachotakiwa kufanya ni kuchagua zile zilizotengenezwa kwa diski nene ya kipande kimoja, si zile pana za diski yenye matundu ya hewa katikati. Zifungue, ubadilishe mipira na pistoni zilizoliwa na kutu, ukate sehemu ya bati la kuzuia vumbi lililo nyuma ya diski ili kalipa ikae, kisha ukunje upya bomba fupi la mafuta bila kulivunja. Mimi na mjukuu wangu tulifanya kazi hiyo kwa siku mbili, na karibu nusu ya siku ya pili iliishia kwenye kosa moja. Tulikuwa tumefunga kalipa ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, kwa hiyo nipeli za kutolea upepo zikawa chini. Mjukuu alipampu pedali mpaka mguu ukamuuma, mafuta yakatoka safi kwenye chupa bila povu, na bado pedali ilikuwa laini kama sponji. Upepo hukimbilia juu, na nipeli ikiwa chini hautoki hata ukipampu mpaka jioni. Tulipozibadilishana upande, pedali ilisimama imara baada ya dakika kumi. Inashuka kidogo zaidi kuliko zamani, kwa sababu pistoni nne zinahitaji mafuta mengi zaidi ya mbili, na hilo lisimtie mtu hofu mradi inashika mara ya kwanza na haizami ukiishikilia.

Naomba pia tuache tabia ya kupuliza vumbi la breki kwa upepo wa kompresa. Pedi na viatu vya magari ya miaka hiyo vilitengenezwa kwa asbestosi, na vumbi lake likishaingia mapafuni halitoki. Liloweshe kwa maji na ulifute kwa kitambaa.

Kuhusu nguvu ya injini, ambayo ndiyo kiu ya vijana, nimeona kabureta mbili nzuri zikitupwa na kuwekewa moja ya pikapu kwa sababu tu gari lilikuwa linakohoa likikanyagwa. Kabureta hizi zina kijiti cha shaba juu yake kinachozama katika mafuta mepesi, na mafuta hayo yakiisha pistoni ya ndani huruka ghafla na gari hukohoa namna hiyo hiyo. Kijazie mafuta kwanza. Kisha angalia nati ya kupimia petroli iliyo chini ya kila kabureta, ambayo huanzia mizunguko miwili na nusu kutoka juu kabisa. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo gari lililorekebishwa Dar es Salaam likifika huku hunywa petroli kupita kiasi na plagi zake huwa nyeusi. Pandisha nati kidogo kidogo, pande zote mbili sawa, na usikilize pumzi ya kila kabureta kwa kipande cha mpira kilichowekwa sikioni mpaka zilingane.

Thamostati, kile kifaa kinachozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate joto, nayo irudishwe mahali pake, kwa maana injini inayoendeshwa bila kupata joto lake huharibu oili kwa petroli isiyoungua. Na plagi zikazwe kwa mkono wenye adabu, kwa sababu hedi ya injini hii, yaani sehemu ya juu inayofunika silinda, ni ya aluminiamu. Fundi mmoja aliwahi kuivua nyuzi hedi yangu kwa spana ndefu, ikanibidi nikereze bushi ya chuma na kuipachika humo, kazi ambayo asiye na mashine ya kukereza ingemgharimu hedi nzima.

Kijana wangu wa Cheyo, kama unaisoma barua hii, rudi nyumbani ukiwa na gari lako na injini yake ya asili. Tutalipandisha kwenye magogo, si kwenye jeki peke yake, na tutaanza na magurudumu manne. Injini ya basi ni nzito na ina msukumo mkubwa kuliko uwezo wa breki zilizomo, na vikalio vyake nitakutengenezea bure siku nitakapokanyaga pedali yako mara moja na ikashika.

Kwa wafanyabiashara wa chuma chakavu wa mkoa wetu nina ombi moja. Kabla hamjapakia Hilux ya zamani kwenye lori la kwenda kuyeyushwa, fungueni kwanza kalipa zake za mbele na muziweke kando, bolti mbili tu kila upande. Mkizipima kwa kilo bei yake ni ndogo sana, lakini mimi na wengine kama mimi tutazinunua kwa bei ya spea.

Mkereza vyuma mstaafu,
Isevya, Tabora