Aproni ya risasi isikunjwe

Mhariri,

Aproni ya risasi, yaani vazi lenye madini ya risasi linalowakinga wahudumu dhidi ya mionzi ya eksirei, ikikunjwa na kuachwa juu ya kiti, kinga yake huweza kuharibika. Mpira wenye risasi hupasuka kwenye mkunjo, kitambaa cha nje kikabaki kizima. Muuguzi huivaa akiamini amekingwa, kumbe mionzi inapenya kwenye ufa ulio mbele ya tumbo lake.

Ukaguzi hauhitaji fedha nyingi. Tandaza aproni kwenye meza ya eksirei, ipige picha sehemu kwa sehemu. Ufa utaonekana kama mstari mweusi. Ifanyike kila mwaka, tena kila inapoanguka, na tarehe iandikwe kwenye aproni yenyewe. Ikishatumika itundikwe kwenye kiango kipana. Aproni isiyo na ufa, yenye risasi ya milimita 0.5, huzuia zaidi ya asilimia 90 ya mionzi inayotawanyika kutoka mwilini mwa mgonjwa, na mionzi hiyo ndiyo inayowapata wahudumu wengi.

Thieta ndiko kunakotutia wasiwasi zaidi. Majeruhi wa bodaboda wanapopangwa mifupa chini ya eksirei, bomba la mionzi likae chini ya meza. Mtawanyiko huwa mkali upande mionzi inakoingilia mwilini mwa mgonjwa; bomba likiwa juu, macho na shingo ya daktari ndiyo huumia, na mtoto wa jicho huja polepole, miaka baadaye. Asiye na kazi mezani arudi nyuma: kutoka mita 1 hadi mita 2, dozi hushuka hadi robo.

Beji ya kupima mionzi nayo ivaliwe kifuani, ndani ya aproni. Ikilala drooni husoma karibu na sifuri, na ofisini sifuri hiyo huhesabiwa kuwa usalama. Kikomo cha mfanyakazi ni milisiviati (kipimo cha dozi ya mionzi) 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka 5, bila kuzidi 50 katika mwaka wowote. Mjamzito aseme mapema, kwani mtoto aliye tumboni hatakiwi kupata zaidi ya milisiviati 1 hadi azaliwe.

Sheria ya Nishati ya Atomiki ya 2008 tunayo. Tunawaomba wakuu wa hospitali wabandike viango ukutani mwezi huu, na kila mfanyakazi akabidhiwe matokeo ya beji yake mkononi.

Wahudumu wa eksirei,
Kampala