Mji unakatiwa tiketi, mlima unasubiriwa: kwa nini tunaikata listi yako ya likizo

Juzi mama mmoja katutumia sisi wapangaji wa safari listi ya safari yake WhatsApp, familia ya watu watano, usiku 14, Italia na Uswisi. Listi yenyewe hii hapa: Roma, Naples, Pisa, Florence, Venice, Verona, Milan, Lucerne, Interlaken, Zermatt. Sehemu kumi! Na chini kabisa kaandika "kama kuna nafasi mtuongezee Ziwa Como". Nilicheka, ila sikumcheka yeye, maana listi za hivi tunazipata kila mara na sisi wenyewe safari yetu ya kwanza na watoto tuliipanga hivyo hivyo, tukarudi tumechoka kuliko tulivyoondoka na nusu ya picha ni za stesheni.

Sasa mteja akirudishiwa listi imekatwa nusu huwa anahisi tunamfanyia uvivu, au hoteli zimetushinda. Wala si hivyo, kwa hiyo leo naeleza mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii.

Kitu cha kwanza, hesabu usiku usihesabu miji. Roma mpaka Florence kwa treni ya kasi ni kama saa moja na nusu, kwenye karatasi unaona kitu gani hicho. Haya, weka na mengine: kufungasha, kiatu kimoja cha mtoto wa mwisho hakionekani, kuchukua teksi, kufika stesheni mapema maana na watoto huwezi kukimbilia behewa la mwisho, treni yenyewe, teksi nyingine, halafu unafika hotelini saa saba mchana unaambiwa chumba mpaka saa tisa. Mnakaa mapokezi na mabegi, mtoto analia njaa, baba mtu kanuna. Hiyo siku imeshaondoka. Sehemu kumi ni kuhama mara tisa, yaani kati ya siku zako 14 tisa zimeliwa na mabegi, na hela umelipa za siku zote.

Kwa hiyo tulichomrudishia yule mama ni hiki: Roma usiku 4, Florence 2, Venice 2, Tirano 1, Chur 1, Lauterbrunnen 4 (Tirano ni Italia mpakani, Chur na Lauterbrunnen ni Uswisi milimani), anaingilia Roma anatokea Zurich. Naam, bado ni hoteli sita, najua, na kama watoto wake wangekuwa wote chini ya miaka sita ningetoa Venice na Florence nisingemlaza, angekaa Roma muda wote na Florence aende asubuhi arudi jioni, inawezekana kabisa kwa ile treni. Tiketi ya ndege ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine watu wengi wanadhani ni ghali sana, wakati mara nyingi tofauti si kubwa, na usiporudi Roma kufuata ndege umeokoa siku nzima na tiketi za treni za watu watano.

Mbona miji mwanzo na milima mwisho? Hapa ndipo penye siri yenyewe. Mji wa kihistoria una masharti, unataka ukate tiketi mapema, siku na saa, ukichelewa imekula kwako. Mlima hauna habari na tiketi yako. Ukiamka wingu limekaa juu limekaa, utapanda na utaona ukuta mweupe na umeshalipa. Kwa hiyo siku za mjini unazifunga kwa misumari na siku za mlimani unaziacha zinaning'inia, mwenye kuchanganya hizo mbili ndiye anayetupigia simu usiku.

Ya mjini tuanze. Colosseum, ule uwanja wa kale wa Roma, tiketi ina jina la mtu na mlangoni unaonyesha kitambulisho, kwa hiyo usije ukanunua jina la shemeji halafu ukaja na mjomba. Watoto chini ya miaka 18 wanaingia bure ila BURE haimaanishi bila tiketi, lazima nao uwakatie ya sifuri, na hili ndilo wazazi wanaojikatia wenyewe wanalisahau kila siku. Makumbusho ya Vatikani Jumapili yanafungwa, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi ambayo kuingia ni bure, na foleni yake sitaki hata kuisimulia. Florence, makumbusho ya Uffizi yanafunga Jumatatu na Accademia alikolazwa... samahani, ilikosimama sanamu ya Daudi ya Michelangelo nayo Jumatatu imefungwa. Sasa wewe umefika Florence Jumapili usiku unaondoka Jumanne asubuhi, umeenda kuangalia nini? Ndiyo maana wakati mwingine tunakuhamishia siku bila kugusa hoteli, si kwamba tumekosea kalenda. Na lile kuba la kanisa kuu la Florence lina ngazi 463, lifti hakuna, ukianza kupanda na mtoto wa miaka minne jua kuanzia ngazi ya mia utapanda naye begani.

Venice. Venice nitasema kidogo zaidi kwa sababu ndiyo iliyotufundisha kazi. Mwaka ule wa kwanza tulipata hoteli nzuri, maelezo yanasema dakika tano kwa miguu kutoka stesheni. Tukatoka stesheni ya Santa Lucia, mfereji mkubwa uko hapo hapo mbele, uzuri wake huo, watoto wanashangilia. Dakika tano zenyewe zinaanza na daraja la Scalzi lililo pale pale pembeni ya stesheni. Daraja la ngazi. Venice gari haziingii na madaraja yako zaidi ya 400, na mengi yana ngazi kupanda na ngazi kushuka. Tulikuwa na masanduku manne makubwa ya magurudumu, mtoto mmoja kalala begani kwa mama yake. Napeleka masanduku mawili ng'ambo, namwacha kijana wa miaka tisa alinde, narudi kuchukua mengine, nafika juu gurudumu moja limechomoka linadunda ngazi moja moja mpaka chini kama limetumwa. Daraja hilo moja, na yalibaki matatu. Tangu siku hiyo mteja wa Venice kwetu swali la kwanza ni masanduku mangapi, na hoteli tunaipima kwa idadi ya madaraja kutoka kituo cha boti, habari ya dakika hatuisikilizi. Ile boti ya abiria, vaporetto, laini namba 1 inapita Mfereji Mkuu wote taratibu, watoto wanafurahi kuliko gondola na bei haifanani hata kidogo.

Kutoka Venice mnakatiza Milan bila kulala (samahani wapenzi wa Milan), saa mbili na nusu hivi, halafu treni nyingine saa mbili na nusu pembeni ya Ziwa Como mpaka Tirano, na hapo yule mama Como yake kaipata dirishani bila kulipia hoteli. Tirano ni kamji kadogo mpakani, hakana makuu, tunawalaza pale kwa ajili ya kesho yake asubuhi.

Kesho yenyewe ni Reli ya Bernina, inayotoka Tirano kuvuka milima ya Alps kuingia Uswisi. Tirano iko mita 429 juu ya usawa wa bahari, treni inapanda mpaka Ospizio Bernina mita 2,253, na inapanda kwa magurudumu yake tu, haina meno ya kushikia katikati kama treni nyingine za milimani. Pale Brusio reli inajizungusha duara juu ya daraja la mawe, ukikaa dirishani unaona mkia wa treni yako mwenyewe unazunguka nyuma yako. Kule juu kuna maziwa mawili jirani kabisa, Lago Bianco na Lej Nair, la kwanza maji yake yanaishia bahari ya Adriatiki, la pili yanashuka na mto Inn halafu Danube mpaka Bahari Nyeusi. Waambie watoto hilo kabla hamjafika, watabishana mpaka Chur. Reli hiyo pamoja na ya Albula, inayoendelea kuelekea Chur, iko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2008.

Wateja wengi wanataka lile treni maarufu la vioo mpaka darini, Bernina Express, sawa ni zuri, ila siti lazima ulipie kuhifadhi na msimu wa watu wengi linajaa. Treni za kawaida zinapita reli ile ile, madaraja yale yale, huhifadhi siti, mtoto akitaka kushuka akimbie kidogo mnashuka mnasubiri linalofuata. Mimi kwa familia nachagua la kawaida. Tunaweza kukukatia lolote, ila umeuliza nimejibu. Pasipoti ziwe mkononi, msizifungie kwenye masanduku, ule ni mpaka.

Lauterbrunnen sasa, ndipo pa kutulia. Bonde liko mita 795, kuta za mawe huku na huku, maporomoko ya Staubbach yanadondoka karibu mita 300 pembeni tu ya kijiji. Usiku nne hapa si anasa, ni kwamba katika asubuhi tatu mnazoamkia pale kabla ya ile ya kuondoka, angalau moja inaweza kuwa safi. Jungfraujoch kule juu mita 3,454, stesheni ya treni ya juu kuliko zote Ulaya, tangu 1912, nauli kamili ya mtu mzima kwenda na kurudi kutoka Interlaken inaweza kupita faranga 200, sasa zidisha. Kwa hiyo tunakwambia usinunue jana yake. Amka saa kumi na mbili, fungua kamera za Jungfraujoch za moja kwa moja kwenye simu, ukiona theluji na anga la bluu nunua mwende, ukiona kijivu lala tena. Siku ya kijivu nenda Trümmelbach, maporomoko yaliyo ndani ya mwamba, mvua haiwahusu (ila watoto chini ya miaka minne hawaruhusiwi kuingia), au pandeni treni mwende Bern mkashinde mji wa kale, nao ni urithi wa dunia tangu 1983. Umeona? Mji mmoja wa kihistoria tumeuficha mfukoni kwa ajili ya siku mbaya, ndiyo maana haupo kwenye ratiba.

Kule juu Jungfraujoch hewa ni nyepesi, mnatoka chini mnafika ndani ya muda mfupi, mtoto mwenye mafua masikio yatamuuma, mchanga kabisa simshauri. Na ile pasi ya treni ya Uswisi, Swiss Travel Pass, wenye miaka 6 mpaka 15 wanasafiri bure na mzazi kwa kadi ya familia, omba hiyo kadi, ila mpaka Jungfraujoch haikufikishi, inakupunguzia bei tu.

Visa. Uswisi haiko Umoja wa Ulaya na inatumia faranga, ila Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zenye visa ya pamoja, imo, kwa hiyo visa ni moja. Unaomba nchi utakayokaa zaidi, kwa ratiba hii Italia usiku 9 Uswisi 5, basi Italia. Ndiyo maana ukishawasilisha fomu halafu ukatuambia "tuongezeni wiki moja Uswisi" tunashtuka. Mwisho wa kuomba ni siku 15 kabla ya safari lakini usithubutu kusubiri huko, mlango unafunguliwa miezi sita kabla. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000, na kila mtoto ana maombi yake.

Ukitaka tuanze, tutumie umri wa kila mtoto, tarehe za shule, nani anatapika kwenye kona, na mna masanduku mangapi. Listi ya miji itakuja baadaye. Yule mama kajibu jana, kakubali, ila Pisa kagoma kuitoa, kijana wake anataka picha ya kusukuma ule mnara ulioinama. Florence kwenda Pisa ni kama saa moja kwa treni, tumempa nusu siku, mabegi yanabaki hotelini.