Mhandisi hutafutwa jengo likishaanguka

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu ujana wangu na sijawahi kukuandikia. Ila makala ya Jumapili kuhusu maghorofa ya Chicago imenishinda. Mwandishi wako kammwagia sifa msanifu Bruce Graham, kaisifu na kampuni yake. Mhandisi Fazlur Rahman Khan hayumo hata kwa bahati mbaya!

Khan, mzaliwa wa Dhaka, alikwenda Marekani kusoma mwaka 1952. Ndiye aliyesanifu majengo marefu yasimame kama bomba: nguzo zinakaribiana pembezoni, ganda la nje linapambana na upepo, chuma kinachohitajika kinapungua. Sears Tower ya Chicago (siku hizi Willis Tower), ghorofa 110, ni mabomba tisa yaliyoshikamana, na hadi 1998 lilihesabiwa refu kuliko yote duniani. Hata mahema meupe wanakopumzikia mahujaji wetu wakishuka uwanja wa ndege wa Jeddah ni kazi yake. Alifariki mji huohuo, 1982.

Wala si Chicago tu. Mimi nilikuwa msimamizi wa mafundi. Tulipojenga shule moja ya sekondari huku kwetu, mhandisi kijana alikuja na tepu yake, anapima nafasi ya ringi hadi ringi, zile pete za chuma zinazofunga nondo, nguzo baada ya nguzo. Siku moja akaamuru nguzo mbili zivunjwe kwa kuwa zege lilizidishwa maji. Mwenyekiti wa kamati akamwita mkorofi. Siku ya uzinduzi likafunuliwa jiwe: mgeni rasmi, mkuu wa hiki, mwenyekiti wa kile. Nikauliza, mhandisi yuko wapi? Nikajibiwa jiwe limejaa. Limejaa! Na huyo mgeni rasmi alikata utepe, akanywa soda, akaondoka pilau likiwa bado jikoni.

Lakini jengo la Kariakoo lilipoporomoka Novemba 2024, kila kijiwe kilitaka kumjua mhandisi. Mabango ya ujenzi nayo yamepauka kwa jua, mengine yamebandikwa matangazo ya waganga wa nguvu za kiume. Utamsoma nani hapo?

Pendekezo langu: kila lifti, chini ya kibao cha "watu 8, kilo 630", aandikwe mhandisi aliyepiga hesabu za nguzo, kwa herufi za ukubwa uleule. Majengo yasiyo na lifti, aandikwe mlangoni mwa choo. Huko hata mgeni rasmi hufika.

Msimamizi wa ujenzi mstaafu,
Tanga