"Rubani kasahau" haitoshi

Ndugu Mhariri,

Kila ikitokea ndege imegeuza njiani halafu ikaja kujulikana kuna kitu marubani hawakukiweka sawa kabla ya kupaa, mjadala unaishia palepale, rubani mzembe, afukuzwe, basi. Na nyie waandishi mnatupa mistari mitano habari imeisha. Naomba nafasi niseme kidogo.

Chukua ile ya Jet Airways ya Septemba 2018, Mumbai kwenda Jaipur, abiria 166. Ndege inapanda, hewa ndani inazidi kuwa nyepesi, maski zikadondoka, watu kama 30 wakatokwa damu puani na masikioni, ikabidi warudi Mumbai. Mamlaka ya India ikasema marubani hawakuwasha swichi ya presha ya kabini, yani ile inayotunza hewa ya kupumua humo ndani. Wakatolewa kazini kupisha uchunguzi, na kwa wengi hadithi ikafungwa hapo. Yani hawajiulizi hata swichi ya muhimu hivyo inapitwaje na watu wawili waliosomea hiyo kazi.

Sasa rudi nyuma miaka 13, tarehe 14 Agosti 2005, Helios Airways ya Cyprus, ndege namba 522, inatoka Larnaca kwenda Athens halafu Prague. Hii nayo ni Boeing 737 kama ile ya Jet Airways. Usiku ilikuwa imerudi toka London na wafanyakazi waliokuja nayo wakalalamika mlango wa nyuma kulia una barafu na unapiga kelele, basi mafundi wakapima kama unavujisha hewa, na ili wapime wakageuza swichi ya presha toka AUTO, yani inapojiendesha yenyewe, kuipeleka kwenye kuendesha kwa mkono. Kupima wakamaliza, swichi ikabaki hapohapo. Marubani wakaja asubuhi, na kwenye chekilisti yao, ile orodha ya vitu vya kuhakiki, hiyo swichi ipo kabla ya safari, ipo baada ya kuwasha injini, ipo tena baada ya kupaa, na mara zote tatu ikapita. Mimi naamini chekilisti waliisoma kweli, ila ukisoma karatasi ileile kila siku na kila siku jibu ni lilelile, inafika mahali unajibu kama mtu anaitikia amina huku macho yako kwingine.

Ndege ikapaa saa tatu na dakika saba. Ilipofika kama futi 12,000 honi ikalia, na hapa ndo pananiumiza zaidi, kwa sababu kwenye 737 zile honi hiyohiyo ilikuwa na kazi mbili: ukiwa chini inakwambia ndege haijawekwa tayari kupaa, ukiwa angani inakwambia presha hakuna. Rubani akaichukua ile maana ya kwanza. Wakaanza kuhangaika na mfumo wa kupoza vifaa, wakaongea na fundi aliyekuwa chini, fundi akauliza kama swichi ya presha iko AUTO, kapteni badala ya kujibu akauliza fyuzi za ule mfumo wa kupoza ziko wapi. Ubongo ulishaanza kukosa oksijeni. Muda mfupi baadae kimya, ndege ikajiendesha yenyewe kwa otopailoti hadi futi 34,000, ikazunguka karibu na Athens mpaka mafuta yakaisha, ikaanguka Grammatiko, hukohuko Ugiriki. Watu 121, hakupona hata mmoja.

Haya niambieni nani kasahau hapo. Ripoti ya Ugiriki ilitoka Oktoba 2006 na ndio, imewataja marubani kwanza, lakini haikuishia kwao, imeitaja kampuni yenyewe, imeitaja mamlaka ya anga ya Cyprus kwa usimamizi dhaifu, na imemtaja hata mtengenezaji wa ndege maana matukio ya presha ya namna hiyo yalishatokea huko nyuma na hatua alizochukua hazikusaidia. Mwaka 2011 ndo FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, ikaagiza 737 za zamani zifungwe taa za kutofautisha hiyo honi. Miaka sita! Kama tungeishia "rubani mzembe" hizo taa zisingefungwa.

Na msiseme ni mambo ya zamani. Julai 2018 Airbus ya Malaysia Airlines ilipaa Brisbane na vifuniko kwenye vile vibomba vinavyopima mwendo, vilivalishwa kwa sababu ya nyigu wanaojenga humo, vina utepe mwekundu kabisa unaoning'inia, na bado fundi hakuvitoa na rubani kazunguka ndege hajaviona. Walitua salama, namshukuru Mungu.

Kwahiyo ombi langu Mhariri ni dogo. Siku nyingine mkiandika ndege imerudi kwa sababu kitu fulani kilisahaulika, mtuulizie pia nani aliigusa ndege kabla ya marubani kuingia, ilifanyiwa matengenezo gani, onyo lilitokea au halikutokea na lilieleweka vipi. Ripoti ikitoka baada ya mwaka au miwili msiiache ipite kimya, tuleteeni, hata kama wengi washasahau ndege yenyewe ilikuwa ipi. Tutasoma.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam