Vidonge Vinne, Malipo ya Kimoja

Barua za makato, zile ambazo bima ya afya huwaeleza wenye zahanati madai iliyokataa kulipa, zikianza kutoka, simu ya ofisi yetu ya kushughulikia madai hayo hapa Buzuruga, Mwanza, haipumziki. Wenye zahanati wanapiga kutoka Igoma, Kisesa, Nyegezi mpaka visiwani, na swali ni lile lile: "Mbona tumekatwa?" Wengi wanaamini bima imewaonea. Ikiwa kweli imewaonea, tunaandika pingamizi na kulifuatilia. Lakini tukizimwaga fomu za madai mezani tukapitia moja baada ya nyingine, mara nyingi tunakuta kosa lilifanyika siku ile ile mgonjwa alipotibiwa, kati ya chumba cha tabibu na dirisha la dawa.

Chukua fomu moja iliyotufikia kutoka zahanati iliyo jirani na mwalo. Mgonjwa ni mvuvi, uzito kilo 60, tumbo linamsokota na choo kina damu. Maabara wakapima choo, wakaona mayai ya kichocho. Tabibu akaandika "kichocho", basi. Aliyeingiza taarifa kwenye kompyuta akachagua msimbo, yaani namba ya ugonjwa, wa kwanza aliouona, B65.0, ambao ni wa kichocho cha mkojo. Kichocho cha tumbo, kinachowasumbua sana watu wetu wa ufukweni, ni B65.1. Mhakiki wa bima hakumwona yule mvuvi. Alichokiona ni karatasi inayosema ugonjwa uko kwenye mkojo huku kipimo kikiwa cha choo. Akakikata kipimo.

Hilo mwenye zahanati alilijua, kwa sababu limo kwenye barua. Asilolijua lilikuwa kwenye fomu yenyewe, mistari miwili chini ya kipimo. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, hutolewa miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo mtu wa kilo 60 anahitaji miligramu 2,400, yaani vidonge vinne vya miligramu 600. Dirishani alipewa vinne kweli, na rejesta inaonyesha. Kwenye fomu, sehemu ya idadi, pameandikwa 1, mwandishi akimaanisha dozi moja. Bima ikalipa kidonge kimoja, kama ilivyodaiwa. Vitatu zahanati imevigharamia yenyewe, na hakuna barua itakayokuja kuwaeleza hivyo. Kosa la aina hii ndilo linaloniuma kuliko yote, maana makato unaweza kuyapinga, ila ulichosahau kudai huwezi hata kukililia.

Misimbo yenyewe haina uchawi. Ni orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-10, ambamo kila ugonjwa una herufi na tarakimu zake. Kinachotakiwa ni tabibu kuandika ugonjwa kwa ukamilifu. Kama darubini imeonyesha malaria ya falsiparamu, msimbo uanze na B50. B54 ni ya malaria isiyobainishwa aina, na ukiitumia wakati jibu la maabara lipo, umeyatupa majibu yako mwenyewe.

Mengine ni ya uangalifu tu: saini ya mgonjwa, namba ya kadi iliyokosewa tarakimu moja, tarehe ya kipimo kutangulia tarehe ya kumwona daktari. Bei nazo ziangaliwe. Kitita cha mafao (orodha ya huduma zinazolipiwa na bei zake) cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, kilichoanza tarehe 1 Machi 2024 kilibadilisha bei za huduma na dawa, kwa hiyo karatasi ya bei ya zamani iliyobandikwa ukutani, ing'oe.

Kuhusu gharama zetu niseme wazi. Wapo wanaotoza asilimia ya madai. Tuchukulie umedai shilingi milioni 4 kwa mwezi; asilimia 5 ni shilingi 200,000. Sisi tunatoza kwa fomu, bei moja, iwe fomu ya mafua au ya mgonjwa aliyelazwa siku tano. Tuliamua hivyo kwa sababu anayelipwa asilimia ana sababu ya kutamani madai yavimbe, nami sitaki kijana wangu akae mezani na tamaa hiyo. Na tukiombwa kuongeza kipimo ambacho hakikufanyika, hatuongezi, hata kama mteja ni wa siku nyingi. Huo ni udanganyifu, na zahanati inaweza kufutiwa mkataba kwa ajili yake. Wakifuta, mama wa kijijini mwenye kadi mkononi ndiye atakayelipa nauli kwenda kutibiwa mbali.

Fomu za mwezi wako wa kwanza nasi tunazipitia bila malipo. Ukija, usilete zilizokatwa peke yake. Njoo na zilizolipwa pia, pamoja na rejesta ya dawa ya mwezi huo, maana vile vidonge vitatu tulivikuta kwenye rejesta.