Usitie sahihi bado, somo

Majengo, Mombasa
Kusi limeshika, mvua za mwaka hazijaisha

Kwako somo yangu Zuhura,

Assalamu alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, isipokuwa goti la mama, ambalo hutabiri mvua siku moja kabla na halijakosea hata mara moja. Watoto wakuamkia.

Najua utashangaa kuletewa karatasi. Sauti zako zote nimezisikiliza, hata ile ya dakika 11 uliyorekodi huku ukikaanga samaki. Lakini Kaka Athumani siku hizi ana tabia ya kuazima simu yangu ati aangalie mechi, na jambo lenyewe linamhusu. Halafu nikikupigia utanikatiza. Barua haikatizwi. Nimempa huyu bwana anayerudi Maskati akutilie mkononi.

Umeniambia: tia sahihi, nami nitatia yangu, nyumba iende, kisima kiende, tugawane, nikanunue fleti Nyali yenye lifti. Ukasema watoto wetu hawatateka maji, mitambo itayatoa chumvi maji ya bahari kama huko kwenu, dunia imekwenda. Ukanitumia na ile video ya gari linalojiendesha. Mama ameitazama mara tatu, kisha akauliza, "Haya, dereva hayuko. Na makanga je?"

Usinione mshamba, somo. Mashine imeshaingia hata kazini kwetu. Tangu mwaka jana bosi ametia programu ya akili unde inayosoma ankara na hati za meli na kujaza fomu za forodha, inamaliza mimi bado natafuta miwani. Tulikuwa sita kwenye meza ile, tumebaki wawili. Basi siku moja ukaja mzigo wa mfanyabiashara wa Dar es Salaam, ankara imeandikwa Kiswahili safi: "Kanga, robota 40." Mashine ikasoma, ikafikiri, ikaandika kuwa ni ndege hai, na ikadai cheti cha daktari wa mifugo. Robota 40 za kanga wa manyoya! Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Bosi hakucheka, maana mzigo ukilala bandarini unahesabiwa siku kwa siku.

Niliirekebisha, na haijarudia kosa lile. Hapo ndipo kicheko kiliponiisha. Kama ingekuwa jinga ningelala usingizi. Lakini inajifunza, na kadiri inavyojifunza ndivyo sisi tunavyoacha kujua. Kijana mpya aliyeletwa pale ofisini anajua kubonyeza tu. Ukimuuliza kwa nini mzigo huu umewekwa fungu hili la ushuru, anakuonyesha kioo.

Na vitu hukatika, somo. Unakumbuka Mei 2024, ulipokuwa ukiniandikia na ujumbe haufiki? Tarehe 12 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika huko upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki yote ikawa inatambaa. Kebo hizo zinatua hapa hapa Mombasa. Mwaka 2009 zilipoanza kufika tulijiona tumefika nasi. Siku zile za Mei aliyetuokoa ofisini alikuwa mzee mmoja tuliyekuwa tukimcheka kwa daftari lake la kaboni. Yeye peke yake alijua mzigo wa nani uko shedi gani. Mzee yule ameshastaafu. Daftari sijui liko wapi.

Sasa nije kwenye maji, maana ndiyo habari yenyewe.

Nimeyasoma haya mambo ya kuondoa chumvi, usidhani napinga nisichokijua. Maji ya bahari yana gramu kama 35 za chumvi kwa kila lita. Yanasukumwa kwa nguvu kubwa dhidi ya utando mwembamba, maji yanapenya, chumvi inabaki nyuma. Mtambo mzuri hula uniti 3 hadi 4 za stima kwa lita 1,000. Piga hesabu ya kimajengo: lita 1,000 ni mitungi 50. Mimi mtungi nanunua kwa mkokoteni shilingi 20, na mji ukikauka shilingi 50, na hunyanyui sauti kwa sababu mwenye mkokoteni atapita mlango wako kama hakujui. Mitungi 50 kwa bei ya siku njema ni shilingi 1,000. Uniti 4 za stima hazifiki shilingi 150. Nakubali hiyo ni stima tu, mtambo na mafundi sijawatia. Hata hivyo ukiniwekea hesabu hiyo mezani, wa kwanza kupiga vigelegele ni mimi. Kisiwa kimezungukwa na maji pande zote, na bado twangoja bomba lifoke usiku wa manane mara mbili kwa wiki. Mtu akitutoa hapo, Mungu amjazie.

Lakini yale yasiyopenya huenda wapi? Karibu nusu ya maji hurudi baharini, chumvi yake ikiwa kama mara mbili. Kwenye bahari wazi yenye mkondo labda si neno. Wakiyamwaga kwenye mkono wa Tudor au Port Reitz, ambako maji huzunguka polepole, samaki watatuuliza. Matumbawe yetu yalikufa kwa wingi mwaka 1998 bahari ilipopata joto, na wavuvi wanaokumbuka kabla ya hapo huongea kama watu waliofiwa.

Na wewe mwenyewe ndiye shahidi wangu. Mwaka 2008, ndiyo kwanza umeolewa, ulinipigia ukasema bahari imegeuka nyekundu na inanuka. Vijimea vilizaana mpaka mitambo kadhaa ya maji huko kwenu na kwa jirani zenu ikabidi isimamishwe, isije ikaziba. Ulinunua maji ya chupa ukaogea. Uliniambia hivi, na maneno yako nayakumbuka: "Somo, mji mzima wa marumaru na hakuna mwenye kisima." Umesahau?

Sauti yako ya tatu ulisema magonjwa yatakwisha na watu wataishi miaka 120. La miaka sijui, ila la magonjwa nakuamini kuliko unavyodhani. Yule binti wa Khadija ana selimundu, hiyo wanayoiita sikoseli. Uingereza mwezi Novemba 2023, na Marekani mwezi uliofuata, waliruhusu tiba ambayo seli za mgonjwa hutolewa, vinasaba vyake vikahaririwa maabarani, kisha akarudishiwa mwilini. Watu waliokuwa wakilazwa kila mara kwa maumivu wamemaliza mwaka mzima bila kushikwa. Nilipomsomea Khadija alishika mashavu kwa furaha. Akauliza bei. Dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, huko Marekani. Alinyamaza, akaendelea kumhesabia mtoto vidonge vyake kwenye kisahani.

Nilifikiria bomba la Mzima. Maji yanatoka kwenye chemchemi kule Tsavo, yanasafiri kama kilomita 220 kuja kwetu, na Wataita wamelalamika miaka nenda miaka rudi kwamba wao wanaliona bomba tu likiwapita. Kwa tiba ile, Majengo ndiko Taita. Hata chanjo ya malaria ilikuwa na kisa chake: watoto wa Kilifi walishiriki majaribio, lakini ilipoanza kutolewa nchini mwaka 2019 ilianzia upande wa ziwa. Sisemi vibaya, huko malaria ni kali zaidi. Nasema tu kwamba kuvumbuliwa kitu ni jambo moja, na kufika mlangoni kwa mtu ni jambo jingine, na baina yake watoto wanakua.

Kwa hivyo nikirudi nyumbani, kisima hakinitoki akilini. Kiko mpakani, nusu chetu nusu chenu, kama nyanya zetu walivyokichimbisha, na ndiyo maana mnunuzi hawezi kufanya lolote bila sahihi yako. Nimemuuliza mwenyewe, akaniambia kitu cha kwanza atakachofanya ni kukifukia, ndipo asimamishe nguzo za ghorofa 6. Nikamwambia, na hao watu wa ghorofa 6 watakunywa nini? Akajibu, "Boza za maji zipo, mama." Mama! Kijana ana ndevu za mvi.

Sasa nitakwambia nililokuficha. Baada ya Idi, bila kumwambia Athumani, niliita fundi wa visima. Unajua ule ukingo wa jiwe, zile alama za kamba? Nilitia kidole kwenye ule mfereji mkubwa upande wa kwenu, kikazama mpaka kiungo cha pili. Kamba laini ya mkonge imekata jiwe, miaka yote hiyo, ndoo kwa ndoo. Fundi akashuka pima 7, kijana wake ameshika kamba juu, mimi nimeshika kurani. Walitoa matope ya siku mbili. Katika matope mlikuwa na ndoo za bati tatu, kata moja ya kifuu isiyo na mpini, mwanasesere asiye na kichwa, na ile birika ya shaba ya nyanya yako. Ndiyo, ile. Ile uliyoapa kwamba jini ameichukua, hadi akaitwa mwalimu kuja kusoma. Wallahi nilikaa chini nikacheka peke yangu, fundi akadhani nimepandwa mimi.

Maji nimeyapeleka kupimwa. Sitakupamba: yana chumvi na yana vijidudu vya chooni, na mji wenye mashimo ya vyoo kila ua utataka yawe na nini? Na bahari inapanda. Kisima cha kisiwani ukikivuta sana kinavuta chumvi, kila mwaka zaidi. Huenda wajukuu wetu wakateka bahari tupu humo ndani. Simwambii mtu kwamba kisima kitatuokoa.

Ila hebu fikiria nyumba za nyanya zetu. Zina mlango wa mbele, wenye nakshi, anaoingilia mgeni. Na zina mlango wa uani, ambao hakuna anayeusifu, lakini moto ukiwaka mbele ndio mtu anaoukimbilia. Haya yanayokuja, magari bila dereva, maji ya bahari, dawa za vinasaba, mimi nayafungulia mlango wa mbele mabawa yote mawili. Ninachokataa ni kuziba mlango wa uani kwa saruji ili tuwapishe.

Salim, yule mtoto wa kakangu mwenyewe (baba yake hajui), amemaliza chuo cha ufundi na ana kichwa chepesi. Ameweka sola mbili juu ya paa la jiko na pampu ndogo. Maji sasa yanapanda tangini mchana bila uniti hata moja, na hayo twafulia, twaoshea, twamwagia choo. Mwezi uliopita mkokoteni umenikosa kwa yote isipokuwa ya kunywa. Kwa ya kunywa, Salim anasema kinachohitajika ni utando ule ule wa mitambo yenu, mdogo tu. Kwa kuwa chumvi ya kisimani ni kidogo mno kuliko ya baharini, nguvu ya kusukuma nayo huwa ndogo, na zile sola mbili zinatosha. Kisha ataweka taa ya kuua vijidudu. Ametengeneza kila kitu isipokuwa utando wenyewe. Dukani huku wameniambia nisubiri, na bei waliyonitajia niliwaomba waniandikie maana niliona nimesikia vibaya.

Athumani atakasirika, na nitakabiliana naye. Deni lake nalijua na nina njia ya kumsaidia isiyo ya kuuza, lakini hilo si la karatasi.

Basi usitie sahihi bado. Kama unakuja Disemba, pita kwenye yale maduka ya vifaa vya maji huko kwenu, ulete tando mbili, moja ya kutumia na moja ya akiba. Saizi Salim ameiandika nyuma ya picha niliyoifunga humu. Usinunue bila kulinganisha namba, maana ulishawahi kuniletea viatu vya miguu ya kushoto vyote viwili.

Birika nimeisugua kwa ndimu na majivu. Imebonyea upande mmoja na kifuniko hakikuonekana, fundi atashuka tena Jumamosi kukitafuta.

Wasalaam,
Somo yako, Zuhura