Msimuuzie kijana gitaa, mwambieni maiki iliwekwa wapi

Mhariri,

Kwanza nisamehe kwa mwandiko, manake naandikia kwa simu na kioo kishapasuka, lakini ile makala yenu ya juzi ya vijana na magitaa imenikaa kooni na nisipoitema sitalala. Mwandishi wenu kasema ati kijana akitaka sauti ya rekodi fulani maarufu ya zamani basi atafute gitaa ile ile na amplifaya ile ile, na akatuwekea na bei kabisa, na bei zenyewe ni za kuolea. Mimi napiga gitaa kwenye hoteli za hapa Malindi mwaka wa ishirini na mbili huu, mchana natengeneza redio na spika hapa Maweni, na nasema pole pole ndugu yangu, haiko hivyo, na kama wataka ushahidi nyumbani kwetu iko hasara ya kukuonyesha.

Hasara yenyewe ni mpwa wangu. Kijana wa bodaboda, atoka alfajiri arudi usiku, na hela yote yaishia kwenye gitaa. Sasa kuna mzee mmoja Mwitaliano, mgeni wa kila mwaka, kaskazi ikianza tu ashafika, na kila usiku akishakula ataka wimbo wa Money for Nothing, ule wa Dire Straits, bendi ya Uingereza, na akiridhika huacha noti kwenye kikapu, na akiwa hakuridhika hutikisa kichwa hivi kama daktari. Mpwa akaapa ataitoa ile sauti ya mwanzo vile vile ilivyo kwenye rekodi, ile ya kama mtu azungumza na pua imeziba kwa mafua. Akanunua pedali ya kwanza, kile kiboksi cha kukanyaga kwa mguu kinachobadilisha sauti ya gitaa, wapi. Akanunua ya pili kwa mtu wa Mombasa, akaambiwa hii ndiyo yenyewe, kufika hapa sauti ni ya nyuki ndani ya debe. Ya tatu nikasikia dadangu anataka kuuza cherehani amsaidie mtoto, hapo ndo nikaingilia, nkamwambia mjomba hebu kaa chini nikwambie hiyo sauti ilipatikanaje.

Ilirekodiwa kisiwani Montserrat, huko Karibi, kwa ile albamu yao iliyotoka 1985. Mpiga gitaa wao Mark Knopfler kashika gitaa ya Gibson ya aina ya Les Paul, kaichomeka kwenye amplifaya ya Laney, na yeye mwenyewe alikuwa anaiga, alikuwa anatafuta sauti ya Billy Gibbons, mpiga gitaa wa bendi ya ZZ Top ya Marekani! Maiki zilikuwa hazijapangwa bado, moja imeangalia sakafuni, nyingine haikukaa sawa mbele ya spika, vurugu tu, na kwa vurugu hiyo hiyo ndo ile sauti ikatoka, fundi wao Neil Dorfsman na wenzake wakasema hapo hapo, mtu asiguse kitu. Baadaye walipojaribu kuipata tena ikawakataa. Sasa nambie mhariri, mwenye wimbo, na gitaa yake mkononi, na fundi wake yule yule, imemkataa, mpwa wangu ataipata dukani kwenye boksi?

Basi Jumapili moja tukafunga mlango, mimi na yeye, gitaa yake ile ile ya mtumba, amplifaya yangu ndogo ya spika moja, na maiki mbili nilizoazima kwa jamaa anayekodisha vyombo vya harusi. Kitu cha kwanza nkamnyang'anya kile kiplastiki cha kupigia, manake Knopfler hupiga kwa vidole vitupu, nyama ya kidole ikiuvuta uzi na kuuachia kunakuwa na kama mdomo unafunguka, na kiplastiki hakifanyi hivyo hata ukipake asali. Hapo tu nusu ya sauti ikaja, wallahi, na hatujatoa hata shilingi. Kisha tukaanza kucheza na maiki. Ukiiweka katikati kabisa ya spika, pale penye kile kikofia, sauti ni kali, yachoma, ukiisogeza upana wa vidole vitatu kuelekea ukingoni inakuwa nzito na yenye giza, na hujagusa kitufe chochote. Ukiweka ya pili kwa mbali, sauti hiyo hiyo moja yafika kwenye maiki mbili kwa nyakati tofauti, na zikichanganywa kuna mahali zinajazana na mahali zinauana, ndo hiyo pua iliyoziba. Mpwa kapiga magoti pale kwenye simiti anasogeza stendi kidogo kidogo kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya mkulima, mara akaguna, akasema mjomba usisogee. Ilikuwa yenyewe? La, si yenyewe. Lakini ilikuwa jamaa yake, mtoto wa baba mdogo. (Wengi huiga kwa pedali ya wa-wa wakiiacha nusu njia, nayo yaridhisha, na Mwitaliano sidhani kama angetambua.)

Tatizo ni kuwa kijana akishaonja siri moja ataka zote. Nkafanya kosa la kumwambia habari ya Dave Davies, mpiga gitaa wa bendi ya Kinks, kijana wa miaka kumi na saba hivi huko London, alikuwa na kiamplifaya kidogo cha bei rahisi kinaitwa Elpico, akachukua wembe akaichana karatasi ya spika, na 1964 sauti hiyo ya spika iliyochanwa, imepitishwa kwenye amplifaya kubwa ya Vox, ikatoka kwenye wimbo wa You Really Got Me na ulimwengu wote ukageuka kuangalia. Inafanya kazi kwa sababu karatasi nzima yaenda mbele na nyuma kwa adabu, ikichanika inapiga piga na kutetemeka ovyo, na huo ovyo ndo mtamu. Haya. Kesho yake nimetoka kuswali Ijumaa nakuta mpwa na wembe mkononi, meno yote nje, ameichana spika. Spika ya nani? Ya woofer ya mteja! Nilikuwa nimeitengeneza vizuri, nangoja mwenyewe aje aichukue jioni. Nimelipa shilingi 1,800 na maneno juu. Na sauti, nisiseme uongo, ilikuwa nzuri ajabu, yule mteja alisimama mlangoni akasikiliza kidogo kabla ya kuanza kunitukana.

Narudi kwa mwandishi wenu. Hizi sauti anazozililia nyingi zilianza kama vyombo vibovu. Ile ya kukwaruza ambayo leo yauzwa kwa pedali za kila rangi ilianzia Nashville, Marekani, walikuwa wanarekodi wimbo wa Marty Robbins uliotoka 1961, laini moja ya mitambo ya studio ikaharibika, solo ya mpiga gitaa Grady Martin ikatoka inaunguruma kama pikipiki yenye ekzosi iliyotoboka, wakaiacha hivyo hivyo, na mwaka uliofuata ikatengenezwa pedali ya kuigiza huo ubovu, Maestro, ambayo Keith Richards wa Rolling Stones akaitumia 1965 kwenye Satisfaction. Wapiga gitaa Eric Clapton na Duane Allman walipokuwa Miami 1970 wanarekodi Layla hawakuwa na ukuta wa maspika kama kwenye mabango, walikuwa na viamplifaya vya Fender Champ, vya kubeba kwa mkono mmoja, wamevifungulia. Kitu kidogo kikisukumwa hadi mwisho chapiga kelele tamu, kubwa ukilipiga pole pole ni kama lori lasubiri mzigo. Hili kwa mpiga gitaa wa chumba kimoja ni habari njema, lakini sikuiona kwenye makala.

Na kama ni gitaa ile ile, basi mpeni kijana wetu anwani ya nyumba ya kina Brian May. Huyu wa Queen, bendi ya Freddie Mercury aliyezaliwa hapo Unguja 1946, alianza kuchonga gitaa yake na babake 1963, shingo ni mbao ya meko ya zamani, vidoto vya kwenye shingo ni vishikizi vya lulu vya mamake, springi ni za pikipiki, na anapigia sarafu ya peni sita ya Kiingereza badala ya plastiki. Mwenzake John Deacon aliokota saketi kwenye jalala akaitengeneza amplifaya ya betri ya volti tisa, na zile sauti za gitaa ya May zinazojipanga kama kwaya ya tarumbeta nyingi zilipitia humo. Kwenye jalala, mhariri! Mimi hapa Maweni nina saketi nusu gunia na hakuna aliyenipigia simu kutoka London.

Kuna kitu kimoja nitampa mwandishi wenu, nisionekane mbishi tu. Pikapu zina maana. Si pikapu za kubebea mkaa, nasema zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi. Gitaa yenye koili moja moja kama Stratocaster hutoa sauti nyembamba inayong'aa na huvuma ukiwa karibu na zile taa ndefu za mirija, ile ya koili mbili pamoja hunyamazisha mvumo na kunenepesha sauti, na hapo ukitaka unene wa koili mbili kwa gitaa ya koili moja utafukuzana na kivuli chako. Lakini hata hiyo ni ya kubadilisha kwa bisibisi na risasi ya kuchomea, si ya kuuza cherehani. Na hapa pwani chumvi yatuonea, uzi mpya wiki mbili ushafanya kutu na mng'ao wote umekufa, kwa hiyo kabla hujalaumu gitaa nunua nyuzi, au zipanguse kwa kitambaa kila ukimaliza, ambalo ni jambo nimemwambia mpwa mara mia.

Ya stima pia niseme, manake yachekesha. Eddie Van Halen, mpiga gitaa wa bendi ya Van Halen ya Marekani, kwenye albamu yao ya kwanza ya 1978 alikuwa na kifaa cha kushushia umeme, Variac, anaishusha amplifaya yake ya Marshall kutoka volti 120 za kwao mpaka kama 90, apate ule unguruma wa mviringo bila kuua kila mtu kwa makelele. Sisi hatuhitaji kukinunua, saa moja jioni majumba yote yakiwasha eyakondishen stima yashuka yenyewe bure, na mimi kwa miaka nilikuwa najua amplifaya yangu ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani, hunoga magharibi kuliko mchana ila sikujua sababu. Sasa najua. Ila usiku mmoja stima ilizimika kabisa na ikarudi na hasira, transfoma ikanuka kama samaki aliyesahauliwa mekoni, na mpaka leo amplifaya hiyo nimeifanya kiti. Na vijana wanaofungua fungua hizi za valvu wajue kuwa hata ukishachomoa, zile kapasita kubwa ndani zimeweka umeme na zaweza kukuua, hiyo haitaki mzaha.

Lakini kilichonifanya nishike simu niandike si haya yote. Ni kuwa nimewatajia hapa maiki ya Montserrat imeangalia wapi, na vishikizi vya mamake Brian May, navijua kwa sababu huko mtu alikwenda akauliza, akaandika. Sasa niulizeni Sina Makosa ya Les Wanyika ilirekodiwaje. Bendi gani ya hoteli kutoka hapa mpaka Diani haipigi Sina Makosa? Mimi nishaipiga labda mara elfu tatu, ile rithimu ya Omar Shabani inayotembea kama mtu hana haraka, na solo ya John Ngereza iko safi, haina mkwaruzo hata chembe, na siwezi kuitoa. Naweza kukaribia ya Van Halen, ya Ngereza siwezi. Ilikuwa amplifaya gani? Alichomeka moja kwa moja kwenye mitambo ya studio au kulikuwa na maiki mbele ya spika? Nyuzi nene au nyembamba? Wote wawili walifariki mwishoni mwa miaka ya 90 na sikuwahi kusoma mahali wakiulizwa hilo, wakiulizwa wanaulizwa mapenzi na kugawanyika kwa bendi. Fundi Konde, mtu wa huku huku Pwani, kati ya Wakenya wa kwanza kabisa kurekodi na gitaa ya umeme, alikufa 2000, na Them Mushrooms ndio walimtoa wakarekodi naye tena nyimbo zake akiwa mzee. Ile sauti yake ya kwanza, ya duara, ya kama maji kwenye mtungi, ni spika ya inchi ngapi ile? Babangu alimwona akipiga lakini babangu alikuwa anaangalia wasichana.

Kuna mafundi mitambo wa studio za Nairobi za wakati ule bado wako hai, wazee, na wapiga besi, na madereva waliobeba vyombo. Mtumeni huyo mwandishi wenu na daftari, ampelekee mzee sukari na majani ya chai, amuulize maiki iliwekwa wapi. Mimi nitanunua gazeti siku hiyo nakala mbili.

Mpwa wangu naye asema niongeze hapa kuwa ile pedali ya pili, ya nyuki, aiuza, iko sawa haina hata mkwaruzo, na mwenye kuitaka aulize Maweni kwa fundi wa redio aliyekalia amplifaya.

Mpiga gitaa wa hoteli,
Malindi.